Mjadala: Koki Nyuma ya Bega

Hoja iliyo mezani ni hii: mtu anayejiundia ndege gerejini kwake aruhusiwe kuigeuza ramani ya mbunifu kwa nia ya kuongeza usalama, au aifuate kama ilivyochorwa? Nchini Marekani sheria imekwisha kujibu. Mradi zaidi ya nusu ya kazi imefanywa na watu wasio na ujira, kwa kujifunza au kujifurahisha, ndege husajiliwa kuwa ya majaribio, na mwenyewe yu huru kuhamisha tangi la mafuta, kufunga injini ya gari au kuongeza parashuti. Mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, FAA, hudai ndege iandikwe wazi kuwa ni ya majaribio, na kibao kibandikwe mahali abiria atakapokiona, kimwambie kwamba chombo anachopanda hakikufuata kanuni za usalama za ndege za kawaida. Akishasoma akapanda, amependa mwenyewe.

Sheria ilipojibu ndipo ubishi ulipoanza. Wasemaji wa hapa chini nimewabuni. Mambo wanayoyataja sikuyabuni. FUNDI ni mzee mstaafu aliyeunda ndege mbili kwa mikono yake. MKAGUZI ni afisa, mwanamke wa makamo, ambaye kazi yake ni kuzitazama ndege za akina Fundi kabla hazijaruka kwa mara ya kwanza. Yupo pia msemaji wa tatu, ambaye hakualikwa.

FUNDI: Afisa, niruhusu nianze kwa kujivuna kidogo. Hii parashuti inayoibeba ndege nzima pamoja na waliomo, ambayo leo kila mtu anaisifu, haikutoka kwenye viwanda vikubwa. Boris Popov alianguka ziwani huko Minnesota na bawa lake la kuning'inia, akapona, na mwaka 1980 akaanzisha kampuni ya BRS. Wateja wake wa mwanzo walikuwa watu wa vindege vyepesi, watu wa aina yangu. Ndugu wawili wa Klapmeier nao walianza kwa kuuza ndege ya kujiundia, VK-30. Mmoja wao, Alan, aligongana na ndege nyingine angani mwaka 1985, akatua na kipande cha bawa hakipo. Rubani wa ile nyingine alikufa. Cirrus SR20 yao ilipopata kibali mwaka 1998, parashuti ilikuwa ndani. Sasa niambie, kama hawa wote wangeinamia ramani za wenzao, tungekuwa wapi?

MKAGUZI: Mzee, Klapmeier hakuichomeka parashuti nyuma ya kiti siku ya Jumamosi. Ndege ilisanifiwa nayo. Kamba zake zimelazwa ndani ya gamba, viti vimetengenezwa vifyonze kishindo, kwa sababu ndege iliyoning'inia kwenye parashuti bado inatua kwa kishindo cha kuumiza mgongo. Wewe unapoifunga kwenye ndege ambayo mbunifu wake hakuifikiria, unaongeza kilo kumi na kitu mahali ambapo hapakuwa na kitu. Uzito ukirudi nyuma kupita kiasi, pua haikubali kushuka siku unapoihitaji ishuke. Umejikinga na ajali moja, umeikaribisha nyingine.

FUNDI: Ndiyo maana tuna mizani.

MKAGUZI: Mizani unayo. Na roketi? Parashuti hiyo hufyatuliwa kwa roketi. Ndege ikianguka roketi haijafyatuka, mtu wa zimamoto anayekata bati akutoe humo anafanya kazi kando ya baruti. Umebandika onyo kwa nje?

FUNDI: Nimebandika.

MKAGUZI: Wewe umebandika.

Nakatiza hapa kidogo, maana suala la parashuti lina jambo ambalo hakuna kati yao aliyelisema. Cirrus ziliruka na parashuti tangu mwanzo, lakini kwa miaka mingi rekodi yao ya vifo haikuwa ya kujivunia. Marubani walikuwa wakipambana na ndege hadi chini huku mpini wa kuokoa maisha ukiwa juu ya vichwa vyao. Hali ilianza kubadilika pale wakufunzi walipowafundisha kuuvuta mapema na bila aibu. Kifaa kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni watu. Tuendelee.

MKAGUZI: Tuache makubwa, mzee. Tuchukue jambo dogo kabisa: koki ya mafuta. Mwimbaji John Denver, yule wa "Take Me Home, Country Roads", wimbo ambao hata kwetu redioni umepigwa sana, alikufa tarehe 12 Oktoba 1997. Alianguka kwenye maji ya Ghuba ya Monterey, California, karibu na ufuo wa Pacific Grove. Hakuwa mwanafunzi. Alikuwa na zaidi ya saa 2,700 za urubani. Ndege ilikuwa Long-EZ.

FUNDI: Ndege nzuri hiyo. Burt Rutan.

MKAGUZI: Nzuri, sibishi. Iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1979. Injini iko nyuma, bawa dogo liko mbele. Rutan alilipanga lile bawa dogo liishiwe nguvu kabla ya bawa kubwa, ili rubani akivuta fimbo kupita kiasi, pua ishuke yenyewe kabla ndege haijaanza kuanguka. Yaani mbunifu alikaa akamfikiria rubani anayekosea. Na kwenye ramani yake, koki ya kuchagua tangi la kushoto au la kulia ipo mbele ya rubani, katikati ya miguu yake. Aliyeiunda ndege ile, ambaye si Denver, akaihamisha.

FUNDI: Kwa sababu nzuri! Hakutaka mirija ya mafuta ipite ndani ya chumba cha rubani. Mafuta chumbani ni moto chumbani. Hata mimi ningefanya vilevile.

MKAGUZI: Najua ungefanya. Akaiweka ukutani, nyuma ya bega la kushoto la rubani. Sasa kaa kwenye kiti hicho ufunge mkanda. Fimbo ya kuongozea ya Long-EZ iko mkono wa kulia. Tangi moja limekauka, injini imenyamaza, uko futi kama 500 juu ya maji. Inabidi uiachie fimbo, ukigeuze kiwiliwili kushoto karibu robo duara, upitishe mkono wa kulia juu ya bega la kushoto, upapase mpini usiouona. Wachunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri, NTSB, walikaa kwenye kiti kama hicho wakajaribu. Waliona kwamba mtu akijigeuza hivyo, mguu wake wa kulia hujikaza wenyewe kutafuta egemeo. Na mahali unapojikaza ndipo ilipo pedali ya kulia ya usukani.

FUNDI: Na mpini haukuwa na alama.

MKAGUZI: Haukuwa na alama, wala uelekeo wake haukulingana na upande wa tangi. Vipimo vya mafuta navyo havikuwa na alama, tena viko nyuma ya rubani. Fundi wa pale uwanjani alimpa kioo kidogo avitazame kupitia bega. Walijaribu kuurefusha mpini kwa koleo la kubana, haikusaidia. Denver akasema angeiachia mitambo ya kujiendesha iishike ndege wakati anageuza koki. Sikiliza hapo, mzee. Kila aliyekuwapo aliliona tatizo. Kila mmoja akalitafutia ujanja, na hakuna aliyesema ndege isiruke mpaka koki irudi mbele.

FUNDI: Lakini usome uamuzi wote, Afisa, usichague mistari. Bodi haikuanza na fundi. Ilianza na rubani: akili yake ilihama kwenye kuendesha ndege ikaenda kwenye koki, akakanyaga pedali bila kukusudia. Tena ikasema hakujiandaa, hakujaza mafuta. Aliulizwa kama aongezewe, akasema anaruka kwa saa moja hivi tu. Koki ilitajwa miongoni mwa mambo yaliyochangia. Angejaza mafuta, koki ingebaki nyuma ya bega na yeye angeendelea kuimba.

MKAGUZI: Rubani anayesahau mafuta hakuzaliwa mwaka 1997. Amekuwapo tangu ndege zianze kuruka, na ramani ya Rutan ilimtarajia. Aliyesahau mafuta akiwa na koki katikati ya miguu anageuza mpini huku bado anaitazama bahari na mkono uko kwenye fimbo. Kosa ni lilelile. Linaishia kuwa hadithi ya kuwachekesha wenzake jioni.

MNUNUZI: Shikamooni wazee wangu.

FUNDI: Marahaba, kijana. Wewe ni nani?

MNUNUZI: Mimi ndiye ninayezinunua. Mzee macho yakimkatalia kuruka, au watoto wakitaka gereji yao, ndege inakuja kwangu. Nimewasikiliza muda. Afisa anamtetea mbunifu, mzee anamtetea fundi, na mimi ninayekwenda kukaa kwenye hicho kiti hamjanitaja. Bodi hiyohiyo mnayoinukuu ilitoa ripoti mwaka 2012. Mwaka 2011 ndege za kujiundia zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege za Marekani zisizo za mashirika wala za jeshi, lakini zilichukua karibu asilimia 15 ya ajali, na asilimia 21 ya ajali zilizoua. Na zaidi ya nusu ya zilizopata ajali mwaka ule zilikuwa za watu walionunua, siyo waliounda. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mzee, kunguni wako nalala nao mimi.

FUNDI: Ukinunua, uliza. Mdomo si unao?

MNUNUZI: Nitaulizaje kitu nisichojua kuwa kipo? Denver alikuwa mnunuzi. Ndege ilikuwa imeruka miaka salama salimini kabla haijamfikia. Aliyeiunda aliijua koki yake. Mkono ulishajifunza njia ya kwenda nyuma ya bega. Kwake yeye yalikuwa marekebisho ya usalama kweli, na pengine yalimpa usingizi mzuri kwa habari ya moto. Denver alielekezwa kwa muda mfupi siku moja kabla. Mkono wake haukuwa umejifunza kitu.

MKAGUZI: Ndicho ninachokisema mimi.

MNUNUZI: Hapana, Afisa, samahani. Wewe unasema fundi asiguse ramani. Mimi sijasema hivyo. Mimi nasema akiigusa, anaigusa kwa niaba yangu.

Kwa maoni yangu hapa ndipo mjadala ulipogeuka, ingawa Fundi hakuwa tayari kuuachia. Aliinuka na hoja yake nzito kuliko zote.

FUNDI: Haya, kijana, Afisa, wote wawili. Mnataka ramani ifuatwe? Zenith CH 601 XL ni ndege ya Chris Heintz, mbunifu wa kuheshimika. Watu waliifuata ramani yake ribiti kwa ribiti. Ndege kadhaa zikavunjika mabawa angani, nyingine Marekani, nyingine Ulaya. Mwezi Aprili 2009 NTSB ikaitaka FAA izizuie kuruka. Tatizo lililoshukiwa ni kupapatika. Vile vibawa vidogo vya ukingoni, eleroni, kwa kasi fulani huanza kutikisika. Bawa huitikia, na kila mtikisiko huuongezea nguvu unaofuata, mpaka kitu kikatike, na yote hayo ndani ya muda ambao rubani hapati hata nafasi ya kupunguza kasi. Dawa ya zamani ya jambo hilo ni kuweka uzani mbele ya eleroni usawazishe. Ramani haikuwa nao. Mbunifu alishikilia kwamba nyaya za eleroni zikikazwa sawasawa, hakuna neno. Kwa hiyo aliyefuata ramani alifuata nini?

MKAGUZI: Na Novemba mwaka huohuo marekebisho yakatoka.

FUNDI: Yakatoka, ndiyo! Kuimarisha mhimili wa bawa, kuongeza uzani kwenye eleroni. Wajenzi wakatoboa ribiti za mabawa waliyokwisha kuyapaka rangi. Kuna watu walilia, sisemi uongo, maana bawa ni miezi ya usiku wako. Lakini kuna wengine walikuwa wameanza kuuliza maswali kabla ofisi yoyote haijasema. Hao ndio mnaotaka kuwafunga mikono.

MKAGUZI: Simfungi mtu mikono kwa kuuliza. Tazama marekebisho ya Zenith yalivyokuja: yana hesabu, yana majaribio, yana michoro yenye namba, na yamekwenda kwa kila mwenye ndege. Mimi nikifungua bawa hilo kesho najua natafuta nini, na nisipokikuta nasema hairuki. Koki ya nyuma ya bega ilikuwa na mchoro namba ngapi?

FUNDI: Na kiwanda kikibadili chenyewe? Van's Aircraft wa Oregon ndio wauzaji wakubwa wa seti za ndege. Ndege zao zilizokamilika ni zaidi ya 11,000. Oda zilipofurika wakaanza kukata matundu ya ribiti kwa leza badala ya kuyapiga kwa mashine. Fundi akiyabonyeza matundu yale ili kichwa cha ribiti kilale sawa na bati, mengine yakapasuka pembeni. Desemba 2023 kampuni ikakimbilia mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai. Na mipasuko hiyo ilijitokeza wapi? Mezani kwa akina sisi, mafundi wa gerejini.

MNUNUZI: Hilo ni lako, mzee, nakupa. Macho yako ninayahitaji kuliko ninavyohitaji mihuri.

MKAGUZI: Mihuri nayo, kijana, usiidharau sana.

Baada ya hapo walikubaliana juu ya jambo moja, na kwa kuwa makubaliano hayana utamu nitayapitia upesi. Fundi alisema marekebisho bora kwa bei yake ni kipimo cha pembe ambayo bawa linaukabili upepo. Mkaguzi aliunga mkono moja kwa moja. Kupoteza udhibiti wa ndege ikiwa angani ni miongoni mwa mambo yanayoua zaidi katika ndege hizi, na kipimo hicho humwonya rubani kwa mlio au taa kabla hewa haijabanduka kwenye bawa. Mwaka 2014 FAA ilirahisisha masharti ili hata ndege ndogo za viwandani zifungwe kifaa hicho bila mlolongo mrefu wa vibali. Mnunuzi aliuliza swali moja tu: mlio ukilia kwenye ndege ya mzee maana yake ni "angalia" au "umechelewa"? Fundi alijibu kwamba inategemea alivyoupanga siku ile. Kimya kilichofuata kilikuwa cha Fundi mwenyewe.

MKAGUZI: Niseme na udhaifu wangu mimi wa ofisini. Ndege mpya ya kujiundia kwa kawaida huruka saa 25 za majaribio, ikiwa injini na propela zake ni jozi iliyoidhinishwa, au saa 40 kama siyo. Hakuna abiria wa matembezi, na isiruke juu ya makazi ya watu. Ukifanya badiliko kubwa baadaye, unatoa taarifa, unarudi kwenye majaribio kwa saa tano au zaidi, na unaandika daftarini. Kwenye karatasi ni nzuri. Lakini kuna anayezijaza zile saa 40 kwa kuzunguka juu ya mashamba akitazama ng'ombe, na mimi naliona daftari tu, zile saa sizioni. Ndege yenyewe naitazama siku ya kutoa cheti. Ndani ya bawa lililofungwa nitaona nini?

FUNDI: Hapo umesema kweli, Afisa.

MKAGUZI: Ndiyo maana ile ripoti ya 2012 ilitaka mfumo wa mafuta ujaribiwe kabla ya cheti kutolewa, na matokeo ya majaribio ya angani yawe msingi wa kitabu cha kuiendesha ndege ile ile, siyo kitabu cha kunakili kwa jirani. Halafu mwaka 2014 FAA ikaruhusu rubani wa pili mwenye uzoefu akae na mjenzi katika saa za majaribio. Zamani ilikuwa ukafe peke yako.

FUNDI: Mimi nilikwenda peke yangu.

MNUNUZI: Na kitabu uliandika, mzee?

FUNDI: Kiko kichwani.

MNUNUZI: Basi nikununue na kichwa.

Nikitakiwa kuamua, na mwandishi wa mjadala hana ruhusa ya kukwepa, nasema Fundi ameshinda juu ya haki na ameshindwa juu ya desturi. Zenith inatosha kuonyesha kwamba ramani si msahafu, na Van's inaonyesha kwamba kiwanda nacho huteleza. Kumkataza mjenzi asiboreshe ni kuyafumba macho yanayoona nyufa kabla ya ofisi. Mkaguzi ana haki juu ya Denver, lakini dawa yake, mihuri zaidi, inamtegemea mtu anayeitazama ndege siku moja tu katika uhai wake wote. Nakwenda na Mnunuzi. Badiliko lisiitwe la usalama mpaka mtu ambaye hakuiunda ndege ameketi, amefunga mkanda, akalitumia mara ya kwanza bila kufundishwa ujanja wowote. Aliyeihamisha ile koki alikuwa na hofu ya haki, ya moto. Alichokosa ni mgeni mmoja wa kumketisha kwenye kiti chake na kumwambia: badili tangi.

Na wewe uliyepata bahati ya kuuziwa ndege iliyoundwa na mikono ya mwingine, huko Marekani au popote sheria inaporuhusu, usianze na bei wala rangi. Ingia, funga mkanda ukaze, shika fimbo, kisha uende na mkono mwingine kwenye koki ya mafuta. Ukilazimika kuiachia fimbo au kugeuza shingo, mwambie mwenyewe airudishe koki mbele kwanza, aiwekee alama, aandike daftarini. Akikataa, shuka.